Madoido ya Sauti katika Muziki wa Dramu na Besi



Mazungumzo yangu ya jioni hii yanahusu fani iliyo changa kwa umri lakini yenye mizizi mirefu, nayo ni fani ya udijei wa muziki wa dramu na besi. Na katika fani hiyo nitashika sehemu moja tu, ile ambayo mwanafunzi huivamia mapema kuliko zote na kuielewa baadaye kuliko zote, yaani matumizi ya madoido ya sauti: mwangwi, filta, mvumo wa ukumbi na mengineyo, ambayo miksa za siku hizi zinayo maridhawa, kila moja likingoja kidole. Nasema tangu mwanzo lile ninaloliamini, ili msikilizaji asilitafute kwa kupapasa, kwamba madoido katika muziki huu ni kazi ya kuondoa kabla hayajawa kazi ya kuongeza, na kwamba mwanafunzi aanzaye kwa kuondoa atafika kwenye ustadi mapema, ilhali yule aanzaye kwa kuongeza atachelewa sana njiani, na huenda asifike.

Sharti tuujue kwanza muziki wenyewe. Ulizaliwa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika mitaa ya London na punde baadaye Bristol, ukaitwa Jungle kabla jina la dramu na besi halijaenea, na mwendo wake umekaa baina ya mapigo 160 na 180 kwa dakika, hata leo nyimbo nyingi zimetua kwenye 174 au jirani yake. Sikio la Dar es Salaam lililozoea singeli, ambayo mara kwa mara huvuka mapigo 200, halitashtushwa na kasi hiyo. Lakini dramu na besi ina tabia yake, nayo ni kuchukua miendo miwili kwa wakati mmoja, kwani juu ngoma hukimbia na kukatizana pasi na kupumzika, na chini besi hutembea kwa nusu ya kasi ile, nzito na tulivu, hata mchezaji akawa na hiari ya kufuata ngoma kwa miguu au kufuata besi kwa mabega. Ngoma hizo aghalabu zilitolewa katika santuri za zamani za Marekani, na kipande mashuhuri kuliko vyote ni kile cha sekunde zipatazo 7 alichokipiga Gregory Coleman, mpiga ngoma wa kundi la The Winstons, katika wimbo wao “Amen, Brother” wa mwaka 1969. Vijana wa London walikichukua kipande hicho, wakakiongezea kasi, wakakikatakata kwa mashine na kukipanga upya kwa namna zisizohesabika, na Coleman mwenyewe alifariki pasi na kulipwa kwa kazi ile iliyobeba muziki mzima mabegani mwake, jambo ambalo kila anayejifunza fani hii anastahiki kulijua na kulikumbuka.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu yana matokeo makubwa kwa mwenye kutumia madoido. Katika mwendo wa mapigo 174, pigo moja huchukua milisekunde 345 hivi, ambazo ni kiasi cha theluthi moja ya sekunde. Kipimo cha mapigo manne hupita katika sekunde 1.4 zisizotimia, na fungu la vipimo 16, ambalo ndilo hatua ya kawaida ya wimbo kubadilika, humalizika kwa sekunde 22. Maana yake ni kwamba nafasi iliyo tupu baina ya sauti na sauti ni finyu mno, na wimbo umekwisha kujazwa na mtungaji wake kabla haujafika mkononi mwa dijei. Katika muziki wa polepole mtu aweza kutia mwangwi ukaangukia penye ukimya, ukasikika wote, ukapendeza. Hapa mwangwi ule ule utaangukia juu ya snea, ile ngoma ya mlio mkali, na mrudio wake wa pili juu ya matoazi, na wa tatu juu ya besi, hata baada ya vipimo viwili hadhira haisikii mwangwi wala ngoma ila vurugu. Mwanafunzi aonapo hivyo hudhani kifaa chake ni duni, akatamani kingine kilicho ghali zaidi, ilhali kilichokosekana ni nafasi, na nafasi haiuzwi dukani: hupatikana kwa kuondoa kitu kilichokuwa kimeikalia.

Waliolifahamu jambo hilo mapema kuliko wote ni Wajamaika. Tangu mwaka 1948, ilipotia nanga katika bandari ya Tilbury meli iitwayo Empire Windrush, watu wengi wa visiwa vya Karibi walihamia Uingereza, na miaka ilivyokwenda wakaistawisha huko desturi ya kwao ya kukusanya spika kubwa kubwa, kuziunga pamoja, na kuwapigia watu santuri kwa sauti ambayo mwili huihisi kabla sikio halijaitambua. Kule kwao Kingston, katika miaka ya 1970, Osbourne Ruddock, ajulikanaye kote kwa jina la King Tubby, ambaye alikuwa fundi wa kutengeneza redio na vyombo vya umeme kabla hajawa bwana wa studio, alizichukua nyimbo za rege zilizokwisha kurekodiwa akaanza kuzipunguza: akaondoa sauti ya mwimbaji, akaondoa gitaa, akaondoa kinanda, akaziacha ngoma na besi peke yake, kisha neno moja la mwimbaji yule yule akaliachia ghafla lipite katika mashine ya mwangwi, likarudi na kurudi mpaka likafifia. Kanda alizozifanyia kazi zilikuwa na njia nne tu, na filta ya miksa yake ya kukata sauti nene imebaki kuwa mashuhuri hata leo. Lakini kwa vyombo hivyo haba alifanya mambo ambayo watu wenye studio kubwa mara mia bado wanayasikiliza kwa taadhima. Muziki huo uliitwa dabu, na mtu akiusikiliza kwa makini atakuta kwamba dramu na besi zilikuwa zimekwisha tengwa na kupewa enzi yao takriban miaka 20 kabla vijana wa London hawajazipa kasi.

Namwomba msikilizaji alishike hilo. King Tubby hakumimina mwangwi juu ya wimbo uliojaa. Aliutoa wimbo vitu vyake kwanza, kimoja baada ya kimoja, mpaka ikapatikana nafasi ya mwangwi kukaa, na kwa sababu hiyo mwangwi wake husikika kama sauti yenye fahari ya peke yake, wala si kivuli cha sauti nyingine.

Urithi huo ulivuka bahari. Roni Size, mzaliwa wa Bristol aliyelelewa na wazazi wa Kijamaika, na wenzake wa kundi la Reprazent walipata tuzo ya Mercury mwaka 1997 kwa albamu yao New Forms, na mwenye kuisikiliza atatambua uhusiano wake na zile spika za Karibi, kwani besi imepewa uwanja wake na mengine yote yamesogezwa pembeni. Lakini wale walioifanya kazi ya dijei kuwa sanaa katika muziki huu, kina Fabio na Grooverider waliopiga katika usiku wa Rage kwenye ukumbi wa Heaven mjini London, au Kemistry na Storm walioshirikiana na mwanamuziki Goldie kuasisi lebo ya Metalheadz mwaka 1994, waliifanya kwa santuri mbili, miksa, na masikio yao. LTJ Bukem alijulikana kwa kuunganisha nyimbo polepole, moja ikiyeyukia nyingine hata msikilizaji asitambue mpaka uko wapi. Andy C naye alijulikana kwa kinyume chake, yaani kukata haraka haraka, na kuziachia nyimbo mbili ziangushe besi zao katika pigo moja, jambo ambalo madijei wa fani hii huliita dabo dropu. Hawa wawili hawafanani kwa mwendo wala kwa mwonjo, ila wamefanana katika hili, kwamba sifa yao ilijengwa juu ya uteuzi wa nyimbo na juu ya kujua saa ya kuingia na saa ya kutoka, na ikwalaiza, yaani vidhibiti vya sauti nene na nyembamba, pamoja na feda, ile ya kupandisha na kushusha sauti ya wimbo, ndizo zilizofanya sehemu kubwa ya kazi.

Mchonga milango wa Lamu au Unguja hutia nakshi zake kwenye fremu, kwenye kizingiti cha juu na kwenye mfaa, mahali mbao zinapokutana, na zile mbao pana za mlango wenyewe aghalabu huziacha wazi, ili jicho lipate mahali pa kutulia na uchongaji upate mahali pa kuonekana. Ndivyo nipendavyo mwanafunzi ayatazame madoido ya sauti. Mahali pake pa asili ni penye kiungo cha wimbo na wimbo, na katikati ya wimbo, pale mtungaji alipokwisha fanya kazi yake kwa jasho na kuipima kwa siku nyingi, dijei ana udhuru mdogo sana wa kuingiza mkono wake. Najua wapo watakaonipinga, wakisema kwamba dijei naye ni mpigaji na ana haki ya kuugeuza wimbo atakavyo. Haki hiyo sikatai, ila nasema si haki ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa sababu haki ya kugeuza humfuata mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anajua kuacha.

Basi kabla ya kugusa doido lolote, mwanafunzi na ajifunze kuhesabu. Asikilize wimbo akihesabu mapigo manne manne, na vipimo vinne vinne, mpaka mwili wake ujue bila kuambiwa kwamba kipimo cha 16 kinakaribia, na kwamba pigo la kwanza la kipimo kinachofuata ndilo litakaloleta kitu kipya. Kasi ya muziki huu haimpi mtu wasaa wa kufikiri: ukichelewa pigo moja umechelewa theluthi ya sekunde, nayo ni muda mdogo mno kwa mkono kujisahihisha, lakini ni muda mkubwa mno kwa mguu wa mchezaji, ambao utahisi kosa hata kama mwenye mguu hawezi kulieleza. Na baada ya kuhesabu ajifunze ikwalaiza, hasa nobu ya sauti nene, kwani kanuni ya kwanza ya kuunganisha nyimbo hizi ni kwamba besi mbili hazikai pamoja ila kwa makusudi na kwa muda mfupi. Besi ya wimbo unaoingia huzimwa mpaka ile ya wimbo unaotoka iondolewe, kisha hubadilishana katika pigo moja. Mtu akiweza hilo vizuri, hata asiguse doido usiku kucha, hadhira itaondoka imeridhika.

Twende sasa kwenye mwangwi, ambao nauweka mbele ya madoido yote. Miksa za Pioneer, ambazo zimeenea katika kumbi za mataifa mengi, mfano wa ile iitwayo DJM-900NXS2, zina dilei na zina mwangwi, na mwanafunzi hudhani kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kumbe dilei huirudia sauti mara moja tu, na mwangwi huirudia mara nyingi, kila mrudio ukiwa mdogo kuliko uliotangulia. Fauka ya hayo, mwangwi una hulka moja adhimu, kwamba feda ya wimbo ikishushwa hadi chini, mirudio huendelea kusikika yenyewe mpaka iishe. Hulka hiyo ndiyo inayomrudisha dijei wa leo kwenye ufundi wa King Tubby, kwa kuwa inampa uwezo wa kuuondoa wimbo mzima na kuacha sauti moja tu ikielea.

Taratibu yake ni hii. Fungu la wimbo unaotoka linapokaribia kwisha, tuseme vimebaki vipimo viwili, mwanafunzi aiondoe besi kwa nobu ya ikwalaiza, ili kitakachoingia katika mwangwi kiwe chepesi na safi. Kisha angoje pigo la nne la kipimo cha mwisho, ambapo snea hulia katika nyimbo nyingi za fani hii, au ikiwa pana neno la mwimbaji linaloangukia pale, basi afadhali zaidi. Awashe mwangwi nusu pigo kabla, snea ilie, na papo hapo ashushe feda. Snea ile moja itabaki hewani ikijirudia na kupungua, na wimbo mpya utaingia kwenye pigo la kwanza ukiwa na besi yake kamili, wala hakuna kitu kitakachopigana nao, maana kilichobaki cha wimbo wa zamani ni uzi mwembamba wa sauti. Sehemu iliyobaki ya kazi, ambayo wengi huisahau, ni kuuzima mwangwi wenyewe kabla ya kupandisha tena feda ile kwa ajili ya wimbo wa tatu, la sivyo wimbo huo utaingia umevishwa vazi ambalo halikukusudiwa.

Urefu wa mrudio nao una siri zake. Ukichagua pigo moja zima, kila mrudio utaangukia juu ya pigo la wimbo mpya, nao ni usalama kwa mwanafunzi, ila una ukavu fulani, na tena unaweza kuikinga snea mpya isisikike sawasawa. Ukichagua nusu pigo, yaani milisekunde 172 hivi, mirudio hukimbia pamoja na ngoma na kuongeza msisimko, lakini hujaza nafasi upesi, kwa hiyo hufaa pale tu ambapo wimbo mpya umeanza kwa utulivu. Mimi napenda robo tatu za pigo, milisekunde 259 kwa kukadiria, kwa sababu mirudio yake mitatu ya mwanzo huangukia pasipo na pigo, na ni wa nne tu unaokutana nalo. Hivyo sauti huonekana kuyumba baina ya ngoma pasipo kuzigonga, na huku kuyumba ndiko kulikokuwa uzuri wa dabu tangu mwanzo. Jambo la hadhari ni kwamba miksa huhesabu mwendo wa wimbo kwa kuusikiliza, na muziki uliojaa ngoma zilizokatwakatwa huweza kuidanganya, ikasoma 87 badala ya 174, kwa kuwa ya kwanza ni nusu ya ya pili. Basi mwanafunzi aitazame namba kwenye kioo kabla ya kubonyeza, na ikiwa imesoma nusu, aelewe kwamba robo tatu zake zimekuwa pigo moja na nusu.

Filta ni ndugu ya mwangwi kwa ukongwe na kwa heshima, na kazi yake yote ni ya kuondoa, kwa hiyo haina madhara makubwa mikononi mwa mwenye subira. Katika miksa nilizozitaja, nobu ya filta ikizungushwa kuume hukata sauti nene na kuziacha nyembamba, na ikizungushwa kushoto hukata nyembamba na kuziacha nene. Hizi mbili si sawa kwa matumizi. Ile ya kukata sauti nene ndiyo ifaayo zaidi katika dramu na besi, kwani ukiizungusha taratibu kwa muda wa vipimo 8 au 16, wimbo hupoteza uzito wake kidogo kidogo pasi na msikilizaji kutambua anachopungukiwa, na besi irudipo kwenye pigo la kwanza ukumbi mzima hujibu, ingawa dijei hakuongeza sauti hata chembe. Alirudisha tu kile alichokuwa amekiondoa. Ile ya kukata sauti nyembamba ni ngumu zaidi, kwa sababu huzifunika ngoma ambazo ndizo roho ya muziki huu, na hadhira iliyonyimwa ngoma kwa muda mrefu husimama. Na iwapo filta inatumika, ikwalaiza iachwe pale ilipo, kwa maana mikono miwili ikikata sauti ile ile haijulikani tena ni upi uliokata nini.

Kosa la filta lililo la kawaida kuliko yote ni dogo mno kwa macho: nobu hurudishwa karibu na katikati badala ya katikati yenyewe, ikabaki upenyo wa unywele, na wimbo unaofuata ukapigwa wote ukiwa na besi iliyokonda, dijei akishangaa kwa nini watu wamepoa. Nobu nyingi zina kituo kidogo cha katikati ambacho kidole hukihisi. Mwanafunzi azoee kukitafuta kwa kidole, gizani, bila kutazama.

Mvumo wa ukumbi, ambao mafundi huuita rivabu, unataka hadhari kubwa. Kazi yake ni kuifanya sauti ionekane imetoka mahali papana, nao hupendeza juu ya sauti ya mwimbaji, juu ya kinanda kilichonyooshwa, na juu ya utangulizi wa wimbo ambao ngoma hazijaanza. Juu ya besi ni balaa. Wimbi la sauti ya hezi 50, ambayo ni kiwango cha kawaida cha besi ya muziki huu, lina urefu unaokaribia mita 7, na wimbi kubwa namna hiyo likishaachiwa ndani ya ukumbi huchukua muda kutulia. Ukilitia rivabu, wimbi la pigo hili litakutana na la pigo lijalo, na besi iliyokuwa na umbo itakuwa ngurumo isiyo na mwanzo wala mwisho. Tena ukumbi wenye kuta za zege na dari la bati una rivabu yake ya asili, ambayo dijei hakuichagua wala hawezi kuizima, na hiyo aliyoiwasha kwa kidole huongezwa juu ya ile. Kwa hiyo kiasi kilichosikika kizuri chumbani kwenye hedifoni yapasa kipunguzwe nusu ukumbini, na hata hiyo nusu huenda ikazidi.

Yaliyobaki sitayakalia. Flanja na feza, zile ambazo huifanya sauti izunguke kama imeingia bombani, zilipata siku zake na zitazipata tena, lakini juu ya ngoma za haraka huzimumunya ncha za matoazi. Doido la kuisaga sauti ikawa na kwaruzo lina wenyewe walipendao, nao ni wachache. Na lile la kukamata kipande na kukirudiarudia kwa kufupisha, ambalo huigiza mrindimo wa ngoma kabla ya besi kuanguka, lina nguvu kweli, ila ni nguvu ya mara moja, na mtu akilitumia kabla ya kila anguko la besi hadhira huanza kulitarajia, na lililotarajiwa halistui.

Neno moja mintarafu ya ukubwa wa sauti. Kila doido linaloongeza kitu huongeza pia nguvu ya umeme inayopita katika miksa, na taa zilizokuwa za kijani hupanda hadi nyekundu pasi na mtu kugusa nobu ya sauti; na sauti iliyopita kiasi huvunjika, ikapoteza ile ncha ya snea ambayo muziki huu unaitegemea kwa uhai wake. Kabla ya kutia mwangwi mrefu au rivabu, wimbo ushushwe kidogo, tena si kwa woga bali kwa kujua kwamba kitakachoongezwa kitaijaza nafasi hiyo.

Nisimsahau emsii, yule mwenye kushika kipaza sauti kando ya dijei, kwani katika dramu na besi huyu si mtangazaji wa harusi bali ni mshirika kamili, na desturi yake imetoka kule kule Jamaika, kwa wale waliokuwa wakisema na kughani juu ya santuri. Marehemu MC Conrad, aliyefuatana na LTJ Bukem kwa miaka mingi, aliuonyesha uzuri wa ushirika huo: maneno yake yaliingia penye nafasi za muziki, na muziki ukampa nafasi. Dijei anayewasha mwangwi wakati mwenzake yuko katikati ya sentensi amemkata kauli mbele ya watu, nalo ni jambo lisilo la adabu, hata kama limefanywa kwa nia njema. Wapatane mapema, kwa ishara ya mkono au ya jicho, ni nani mwenye zamu. Na vipaza sauti vingi vikiwa na mwangwi wao, mmoja tu kati ya mwangwi wa maneno na mwangwi wa muziki ndio uwe hai kwa wakati mmoja.

Kuhusu mazoezi, ushauri wangu ni kuchagua doido moja, na liwe mwangwi, na kulitumia hilo peke yake kwa muda wa kutosha mpaka mkono uufanye wajibu wake ilhali akili inashughulika na wimbo ujao. Kila zoezi lirekodiwe. Rekodi hiyo isisikilizwe usiku ule ule, wakati sikio lingali limechoka na moyo ungali na furaha ya kazi, bali kesho yake, mbali na vyombo, kwenye spika ndogo, daftari mkononi. Na kila doido linaposikika, mwanafunzi aandike dakika lilipoingia na dakika lilipotoka, kisha aandike mbele yake lilifanya kazi gani: je, liliificha snea iliyokuwa haijalingana na mwenzake, liliupa wimbo mpya nafasi, au lilijaza tu vipimo ambavyo dijei hakujua avifanyie nini? Palipo na alama isiyo na jibu, arudi kwenye miksa, achukue nyimbo zile zile mbili, akaziunganishe mahali pale pale kwa feda na ikwalaiza tu, na kuirekodi kazi hiyo nayo, kisha aziweke rekodi mbili sambamba na kuzisikiliza moja baada ya nyingine.